Bi Mkubwa Anavuta Kushoto

Gari lile lilipata jina siku bibi harusi alipoingia nyumbani. Mume alikuwa amelinunua kuukuu zamani za ujana wake, akiendesha malori ya masafa marefu, na alipooa majirani wakasema gari ndiye Bi Mkubwa, huyu aliyekuja sasa ni bi mdogo. Bi mdogo alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache lakini ulimi wake ulijua pa kuchoma. Aliwajibu kwamba hana sababu ya kumwonea wivu mwenzake anayelala nje. Utani huo ulizeeka nao. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaenda zao, na Bi Mkubwa akabaki palepale chini ya paa la mabati ubavuni mwa nyumba, mweupe, wa mviringomviringo, vyuma vyake vya mbele vikisuguliwa kila mwisho wa wiki kama sufuria za mgeni.

Mumewe, mtaani walimwita Taratibu. Hakuwahi kukimbiza gari maishani mwake, tupu wala lenye mzigo. Mautingo walilalamika kwamba ukisafiri naye utafika umeota ndevu. Yeye aliwajibu kuwa ndevu zinanyolewa, ila kaburi halinyolewi. Alistaafu hajawahi kugonga hata kuku, na jambo hilo alilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mkewe akiitikia "ehe, hata kuku" bila kuinua macho kwenye mshono.

Kisha kiharusi kikaja, asubuhi, akiwa anapiga mswaki. Daktari alisema ni kidogo. Ukubwa na udogo wa jambo kama hilo anaujua aliyepatwa nalo, lakini tushukuru, mdomo ulirudi mahali pake na mguu ukakubali kutembea, ingawa uliburuzika kidogo. Mkono wa kushoto ndio haukurudi. Ulikuwepo, una joto, ni wake, ila ulikuwa kama mgeni aliyekuja kula tu: umekaa hapo, haunyanyui hata kikombe. Daktari aliwaita wote wawili akawaambia waziwazi kwamba kuendesha gari basi. Taratibu alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Walipofika kwenye korido akamnong'oneza mkewe, "Daktari wa watu yule. Ya magari hayajui."

Akaendesha. Mara ya kwanza alikwangua nguzo ya geti. Mara ya pili, mke wa fundi viatu, aliyekuwa akipita pembeni na beseni la nguo kichwani, ilibidi aruke mtaroni, yeye na nguo zake zote. Taratibu alishuka. Hakuutazama mkono wake. Aliinama akatazama gurudumu la mbele kwa muda mrefu, akasema, "Linavuta kushoto. Vichwa vya tairodi vimekwisha. Na gia nayo imekuwa ngumu, lakini hiyo tutaiona baadaye." Akarudishiwa gari nyumbani na dereva wa jirani, mwenyewe akifuata kwa miguu, akatangaza kuwa haligusi tena mpaka atakapolitengeneza. Na katika hilo alikuwa mkweli. Taratibu hakuwa mtu wa kuendesha gari bovu.

Mkewe alijua kuendesha. Alifundishwa na kaka yake, kwa sababu mume kumfundisha mke udereva ni kutafuta talaka mchana kweupe. Basi siku moja, mzee akiwa amelala baada ya chakula cha mchana, alichukua ufunguo, akamtoa Bi Mkubwa polepole mpaka barabara ya shule, pale palipo wazi. Usukani ulikuwa umelegea kidogo, hilo kweli. Ulicheza huku na huku kabla ya kushika, kama ulivyocheza miaka mingi. Lakini kuvuta? Aliuachia kabisa, mikono hewani, na gari likaenda mbele kama uzi ulionyooshwa kati ya vidole viwili. Alirudi, akaegesha palepale penye alama ya mafuta, akazima. Kisha akalia, akiwa bado amekaa humo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye aliyeshinda maisha yake ndani ya nguo za watu hakujua amwambieje mumewe hivyo.

Alimpigia simu binti yao mkubwa.

"Mwambie, mama," binti alisema. "Ataua mtu."

"Nimwambie nini? Kwamba gari ni zima, mbovu ni yeye?"

"Basi daktari amwambie tena."

"Daktari hayajui magari, mwanangu."

Wote wawili walicheka, kisha kicheko kikawakwama, na kila mmoja akamsikia mwenzake akivuta kamasi. Binti alisema atakuja akipata likizo. Mama akasema sawa. Walijua kwamba hata akija, swali litakuwa lilelile la nani amfunge paka kengele.

Akaamua kunyamaza. Kwani gari likiwa juu ya magogo haliendeshwi, na lisipoendeshwa hakuna wa kuruka mtaroni. Huo ndio uliokuwa ujanja wake wote. Vipuri vilipatikana kwa taabu, kwa muuza spea mmoja aliyevitoa kwenye boksi lenye vumbi akisema hakutegemea kuviuza kabla hajafa. Alimuuliza gari linafanyaje. Alipoambiwa linavuta, akakuna kichwa. "Vichwa vikilika, usukani unacheza tu, mama. Kuvuta ni habari nyingine." Mama akamwambia afunge mzigo.

Sasa nani atafanya kazi? Gereji haikutajwa. Bi Mkubwa hakuwahi kuguswa na mkono wa mtu baki, aliponea nyumbani siku zote, chini ya paa lake.

"Mikono si ipo?" Taratibu alisema, akimtazama mkewe. "Anayeshona suti atashindwa nati?"

Basi ikawa hivyo. Mume alikaa kwenye kigoda upande wa kivuli, mke akalala chini juu ya boksi lililopasuliwa, amefunga nywele, amevaa suruali ya kijana wao iliyoachwa nyumbani. Jeki ikapanda, magogo yakaingia chini ya fremu, mawe yakawekwa nyuma ya magurudumu. Taratibu alimweleza gari kama mtu anayeeleza ukoo. Huku kunashuka mkono wa chuma kutoka kwenye usukani. Huo unasukuma vyuma virefu, kila kimoja kinakwenda kwa gurudumu lake. Hizo ndizo tairodi. Mwishoni mwa kila moja kuna kichwa, mpira wa chuma ndani ya kikombe chake, kimevikwa kifuko cha raba ili grisi isitoke na mchanga usiingie. Kichwa kikilika, usukani unasema hivi, gurudumu linafanya vile.

"Kama ndoa nyingine," mke alisema kutoka chini.

"Ndiyo maana hutiwa grisi."

Alichomoa pini kwa koleo, ile pini ndogo inayozuia nati isijifungue barabarani. Nati ilikuwa imeshika kutu, akaimwagia mafuta ya taa, wakangoja. Kichwa chenyewe kiligoma kutoka, akakipiga kwa nyundo mbili, moja huku na moja huku kwa wakati mmoja, kwa sababu ukikipiga upande mmoja unaharibu nyuzi. Kilipochomoka kwa kishindo mama alipiga kelele na Taratibu akacheka mpaka akashika ubavu. Halafu ikaja kazi ya kukifungua kichwa kutoka kwenye chuma chake, na hapo Taratibu alitaka mkewe ahesabu mizunguko kwa sauti. Kipya lazima kiingie kwa mizunguko ileile, la sivyo magurudumu yatatazamana kama wagomvi. Mama alihesabu, mumewe akihesabu pamoja naye kutoka kigodani, kwa sauti ile ya zamani ya kumrudisha utingo nyuma ya lori. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta akauliza kama wamefungua shule ya chekechea.

Siku zile Taratibu alikuwa yule yule aliyemwoa. Hilo ndilo lililomuuma mama kuliko yote. Alikula akamaliza sahani. Alinyoa ndevu. Aliamka akitaja sehemu watakazofika leo, na alipokuwa akieleza, mkono wake wa kulia ulicheza hewani ukifungua na kufunga nati zisizoonekana, na ule mwingine ukasahauliwa pajani. Tangu atoke hospitali hakuwahi kuwa na furaha hivyo. Na kila nati iliyokaza, mama alijua amemsogeza mumewe karibu na siku ya kulijaribu gari. Siku hiyo kila kitu kitakuwa kipya, gari litavuta kushoto, na atakuwa hana tena cha kusingizia ila mwili wake mwenyewe.

Akaanza kuchelewesha kazi. Fundi cherehani yeyote anaujua ufundi huo. Leo spana imepotea, kesho mgongo unauma, keshokutwa kuna sare za shule zinazosubiriwa. Taratibu hakumharakisha, jina lake lilimfunga. Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha, na kikabaki kichwa kimoja tu, cha upande wa kushoto.

Alikifungua alasiri moja, mume akiwa ameingia ndani kujinyoosha. Akakaa chini na vichwa viwili mapajani, cha zamani na kipya. Kipya kilikuwa kigumu, kinageuka kwa kusitasita. Cha zamani kililegea kidogo ukikitikisa, kidogo tu, kilikuwa kimewabeba hivyohivyo kwa miaka. Alifikiri juu ya mashati. Shati la mtu likichakaa kola, fundi huifumua, akaigeuza, upande ulioliwa ukaingia ndani na ule mzima ukatoka nje, na mtu akaenda nalo kazini hakuna anayejua. Amegeuza kola za watu maisha yake yote. Akakivua kipya kifuko chake cha raba, akakifuta cha zamani, akakipaka grisi, akakivisha raba mpya nyeusi inayong'aa, akakirudisha palepale kwa hesabu ileile. Kile kipya akakificha kwenye droo ya cherehani, katikati ya vifungo.

Hakuwa mjinga. Alijua alichokifanya. Gari litakapovuta, atasema ngoja nikague, atakuta kumbe kimoja ni kibovu, jamani nimekosea, na watapandisha jeki tena. Wiki nyingine. Labda mwezi. Zaidi ya hapo hakufikiri, na hakutaka kufikiri. Mapenzi yakizidi huwa na akili fupi, na simlaumu.

Asubuhi yake alishusha sahani mezani akasema kazi imekwisha.

"Kazi haijaisha mpaka mkono upite," Taratibu alisema, akasimama.

"Mkono gani?"

"Nitalala chini nishike vichwa, wewe utikise usukani. Chuma hakisemi uongo kwenye kiganja."

"Baba watoto, utalalaje chini na hali hiyo? Ukishuka huko nani atakuinua?"

"Uliyelala wewe wiki zote hizi uliinuliwa na nani?"

Alimzuia kwa maneno yote aliyokuwa nayo. Hayakufaa. Mzee alishuka kwa hatua, kwanza goti, kisha kiwiko kizuri, kisha ubavu, akihema, akaingia chini ya gari mpaka ikabaki miguu tu. Mama akaingia ndani ya gari akashika usukani. 

"Tikisa."

Alitikisa. Ulikuwa upande wa kulia.

"Kizima. Umekifunga vizuri, mama watoto. Safi kabisa."

Akamsikia akijiburura kwenda upande wa pili. Ilichukua muda.

"Tikisa."

Aliusogeza usukani kidogo sana, kidole na kidole.

"Tikisa, bwana. Hubembelezi mtoto."

Akatikisa.

"Tena."

Akatikisa tena.  Ukutani kwa jirani redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, kisha ikapiga muziki.

"Hiki ni cha zamani," sauti ilisema kutoka chini.

"Labda nimevichanganya."

"Wewe?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Wewe hujawahi kushona mkono wa kushoto ukauweka kulia. Na raba mpya umekivisha."

 Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia hapo kwenye kiti cha dereva. Alitazama nje, chini, akaona miguu ya mumewe. Ndala ya kushoto ilikuwa imemtoka mguuni zamani, kisigino kimekaa juu ya kokoto kali, na mwenyewe hakuwa na habari.

"Umewahi kuliendesha?" Taratibu aliuliza. "Tangu nitoke hospitali."

"Ndiyo. Siku moja, ulikuwa umelala."

"Likavuta?"

Jibu alikuwa nalo tayari. Kidogo. Angesema kidogo, naye angelipokea, wangeleta kichwa kipya, wangefungua gia, wangefungua mpaka milango, na siku zile za kigoda na kicheko zingeendelea. Lakini akilini alimwona mke wa fundi viatu mtaroni akiokota nguo za watoto kwenye tope. Akaona na kisigino kile juu ya kokoto.

"Halikuvuta, baba watoto."

"Hata kidogo?"

"Niliachia usukani. Hata kidogo."

  Mama alisikia pumzi za mumewe zikipanda na kushuka, zikipanda na kushuka kwa haraka, na akajua analia huko chini, peke yake na vyuma vyake, na yeye juu akalia pia, mikono bado kwenye usukani kwa sababu hakuambiwa aachie.

"Nilikuwa najua," Taratibu alisema baadaye. "Siku ile sikumwona kabisa yule mama. Upande ule wote sikuuona. Nilikuwa najisemea labda. Labda ni tairodi."

"Nisamehe."

"Leta kile kipya. Gari lisibaki hivi."

Alikitoa kati ya vifungo. Alilala kando ya mumewe juu ya boksi lilelile, bega kwa bega, wakakifungua cha zamani na kukiweka kipya. Taratibu alikaza nati mwenyewe kwa mkono wa kulia mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Pini aliitia mama. Hawakuhesabu kwa sauti. Kisha akamvuta nje, akamfuta mchanga mgongoni, akamvalisha ndala yake, na alipokuwa ameinama hivyo aliona kisigino kimetoka damu. Akakiosha kwa maji ya bomba.

Walilishusha gari kwenye magogo. Taratibu aliushika ufunguo, akautazama, akampa mkewe.

"Nipeleke kwa mke wa fundi viatu," alisema. "Nilimwambia ni gari. Nataka kumwomba radhi."

Miguu yake ilimpeleka mlango wa dereva kwa mazoea. Alisimama hapo, mkono juu ya paa, halafu akazunguka mbele ya gari, polepole, akakaa upande wa pili. Katika miaka yote ya Bi Mkubwa hakuwahi kukaa upande huo. Mama aliwasha. Usukani ulikuwa mzito, umeshika sawasawa, na gari lilikwenda limenyooka mtaa mzima. Taratibu alitazama mbele. Mara mbili mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu, ukitafuta breki isiyokuwepo. Mara ya pili alisema, "Taratibu hapo," na mama akapunguza mwendo, ingawa hapakuwa na kitu barabarani.

Mke wa fundi viatu alikuwa kibarazani akichambua mchele. Alipoliona gari alisimama na sinia lake. Taratibu akashika kitasa ili ashuke. Mlango haukufunguka. Akakivuta tena, akausukuma, akakivuta. Mlango ule ulikuwa na tabia yake. Lazima uunyanyue kwanza, ndipo uusukume kwa bega, na nyumba nzima ilijua hivyo, watoto waliujua wakiwa wadogo. Asiyejua alikuwa mmoja tu. Aling'ang'ana nao kwa mkono wake mmoja, mwanamke wa watu akiwa amesimama anawatazama, kisha akaacha, akaweka mkono pajani juu ya mwenzake.

"Na huu je?" alisema bila kumtazama mkewe. "Huu nao ni mimi?"

"Hapana," mama alisema. "Huu kweli ni mbovu, baba watoto. Huu ni mbovu siku zote."

Akazima gari, akazunguka, akamfungulia.